MAMA MWENYE MIMBA NA TUMBAKO

Katika kitabu cha Waamuzi, sura ya 13, tunasoma habari ya mke wa Manoa, mama yake Samsoni. Alikuwa tasa. Malaika wa Bwana alimtokea, akampasha habari kwamba atazaa mtoto mwanamume, na siku ile ile akamwonya juu ya vitu ambavyo asivitie kinywani mwake. Mtoto alikuwa bado kuzaliwa, wala tumbo halikuonekana, lakini kinywa cha mama kilikuwa kimekwisha kuwa jambo la mtoto. Watu wengi wanajua sehemu hiyo ya habari. Wachache wanakumbuka kazi ya Manoa. Yeye hakusema kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Alimwomba Mungu amrudishe mjumbe yule ili awafundishe wote wawili. Na mjumbe aliporudi, Manoa alisimama, akamfuata mke wake mpaka shambani, akauliza yeye mwenyewe namna ya kumtunza mtoto.

Tumeanza na Manoa kwa sababu. Katika kurasa hizi tunataka kusema juu ya tumbako na mimba, na tunajua ya kuwa maneno ya tumbako huelekezwa kwa mama peke yake, tena kwa ukali. Mama husikia, hunyamaza, huenda nyumbani, na kiko chake hukiondoa mahali pa zamani na kukificha mahali pengine. Kwa njia hiyo tunapoteza watoto.

Mama anayeficha

Mtu atasema, "Kwetu Kongo wanawake hawavuti. Sigareti ni mambo ya wanaume." Ni kweli kwamba wanaume wanaovuta ni wengi kupita wanawake. Lakini panda mlimani asubuhi ya baridi, uone nani ameketi karibu na moto na kiko mkononi. Tena uliza ni nani anayetumwa kuwasha kiko cha bibi. Ni mjukuu msichana. Hukitia kaa la moto, na ili moto ushike hukivuta yeye mwenyewe mara mbili tatu kabla ya kumpa bibi. Hivyo ndivyo wengi walivyojifunza, bila mtu kuwafundisha. Wengine hawavuti moshi hata kidogo, lakini wana tumbako ya kunusa katika fundo la kitenge, au wanatafuna jani. Na katika miji sigareti huuzwa mojamoja kando ya barabara, na anayenunua haulizwi kama ana mimba.

Fikiri sasa mama mmoja. Hatumpi jina, maana wako wengi kama yeye. Alijifunza kiko kwa bibi yake. Alipobatizwa aliahidi kukiacha, na akakiacha kweli muda wa miezi miwili. Halafu kukawa na kilio katika jamaa, usiku wa baridi, wanawake wamekaa kuzunguka moto, kiko kinapita. Tangu usiku ule amekirudia. Lakini sasa yeye ni mama wa kanisa, huimba katika kwaya, na anajua kwamba akionekana atatengwa na Meza ya Bwana. Kwa hiyo huvuta jikoni tu wakati anapopika, maana moshi wa kuni hufunika harufu ya tumbako. Akimaliza, hutafuna majani ya limau.

Akashika mimba. Akaja siku ya kupima. Wamama walikuwa wengi kwenye benchi, na mzalishaji alikuwa na haraka. Tena mzalishaji yule huimba katika kwaya ile ile.

"Mama, wewe huvuti tumbako, sivyo?"

"Hapana, mama."

Mzalishaji akaandika "Hapana" juu ya fishi. Katika mwezi wa 8 uchungu ulimshika kabla ya siku zake, na mtoto alizaliwa mwenye kilo 1 na gramu 900. Waganga waliuliza juu ya malaria, wakapima damu, wakatafuta sababu hapa na pale. Juu ya fishi lilikuwapo bado neno lile, "Hapana".

Hatusemi kwamba kila mtoto mdogo ni kazi ya tumbako. Kwetu malaria hupunguza uzito wa watoto wengi. Upungufu wa damu pia, na njaa, na kazi nzito. Lakini fikiri juu ya jambo hilo vizuri. Kama nyumba imekwisha kuingiliwa na wezi watatu, je, utamfungulia wa nne mlango kwa sababu wale wengine wamo?

Tumbako inavyomfikia mtoto

Mtoto tumboni hapumui kwa pua. Mapafu yake yanangoja siku ya kuzaliwa. Hewa ya uzima, ile waganga wanayoiita oksijeni, huipata katika damu ya mama, pamoja na chakula chake chote. Vitu hivyo hupita katika kondo la nyuma na kufuata kamba ya kitovu. Kondo ni kama soko kati ya mama na mtoto. Damu ya mama huleta mali mpaka pale, na damu ya mtoto huichukua.

Sasa, wewe unajua hatari ya mbabula. Wakati wa baridi mtu huingiza mbabula yenye makala katika chumba, hufunga mlango na dirisha, na hulala. Asubuhi wanamkuta amekufa, bila kidonda, bila kelele. Kilichomuua ni hewa ya sumu inayotoka katika makala, isiyo na rangi wala harufu. Jina lake ni kaboni monoksidi. Hewa hii hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kupita oksijeni. Ikikaa katika damu, oksijeni haipati nafasi.

Hewa hiyo hiyo imo katika moshi wa tumbako. Ni kidogo, haimuui mama. Lakini kila anapovuta, sehemu ya damu yake hushikwa, na damu inayofika kwenye kondo huja bila mzigo wake. Damu ya mtoto hushikwa na sumu hiyo hata kupita damu ya mama, na hukawia zaidi kuitoa. Kwa hiyo mama anayevuta kutwa ni kama mtu aliyemweka mtoto wake kando ya mbabula katika chumba kilichofungwa. Mtoto hana mlango wa kutokea.

Tena kuna nikotini. Hiyo ndiyo kamba inayomfunga mtu kwa tumbako, na tutairudia. Kwa mtoto kazi yake ni nyingine. Hukaza mishipa ya damu, na mishipa inayopeleka damu kwenye kondo huwa myembamba. Basi damu ni kidogo, na hiyo kidogo ina sumu ya mbabula.

Matokeo yanajulikana. Mtoto wa mama anayevuta sigareti, akipimwa siku ya kuzaliwa, hupungukiwa karibu gramu 200 kuliko vile angekuwa. Kwa mtoto wa kilo 3 na nusu gramu hizo si nyingi. Kwa mtoto ambaye malaria imekwisha kumfanya wa kilo 2 na gramu 500, zinaweza kuwa uzima wake. Uchungu huja mapema mara nyingi zaidi. Hatari ya mtoto kufa tumboni huongezeka. Kama kati ya wasiovuta wangekufa watoto wawili, kati ya wanaovuta wangekufa karibu watatu. Na kuna jambo moja ambalo wazalishaji wanaliogopa sana, yaani kondo kujitenga kabla ya mtoto kuzaliwa. Kwa mama anayevuta hatari hiyo ni karibu mara mbili. Hapo mtoto hukatiwa hewa, na mama hupoteza damu, mara nyingine ndani kwa ndani bila kuonekana. Ukiwa na mimba kubwa, tumbo likawa gumu kama ubao na kuuma bila kupumzika, au ukaona damu, usingoje kucha. Waite watu wa kipoyi, wa pikipiki, wa motokari, wowote walio karibu, uletwe hospitali saa ile ile. Neno hili ni kwa kila mama, anayevuta na asiyevuta.

Na wewe wa tumbako ya kunusa au ya kutafuna, usiseme, "Mimi sina moshi." Ni kweli, huna sumu ya mbabula. Lakini nikotini inaingia katika damu kwa pua na kwa shavu kama inavyoingia kwa mapafu, na inampata mtoto. Kuzaa kabla ya wakati na kufiwa na mtoto tumboni kumeonekana zaidi kwa wamama wa tumbako hiyo pia.

Maneno mawili tunayoyasikia kwenye benchi

La kwanza ni hili: "Mtoto mdogo huzaliwa kwa urahisi." Neno hili hutembea kwa siri kati ya wasichana wenye mimba ya kwanza, na tunaelewa hofu yao. Lakini mtoto aliyenyimwa chakula tumboni hamwachi mama bila uchungu. Njia itafunguka kwa uchungu ule ule. Kisha kazi kubwa huja baada ya kuzaa. Mtoto wa chini ya kilo 2 na nusu hupoteza joto upesi, hana nguvu za kunyonya, na magonjwa humshika kwa urahisi. Mama aliyekaa siku 30 katika hospitali, mtoto amefungwa kifuani usiku na mchana, akikamua maziwa na kumnywesha kwa kikombe, hatasema tena kwamba mtoto mdogo ni jambo jepesi.

La pili linatusikitisha zaidi, maana husemwa na mama mwenye moyo mzuri: "Nimekwisha kuchelewa. Nimevuta miezi yote hii, kwa nini niache sasa?"

Mama, sikiliza vizuri. Katika mwaka 1957, Winea Simpson wa California, Marekani, alitangaza habari za wamama zaidi ya 7,000. Watoto wadogo walikuwa wengi zaidi kwa wale waliovuta sigareti, na kadiri mama alivyovuta nyingi, ndivyo hatari ilivyozidi. Mwaka uliofuata, 1958, huko Uingereza waliandika habari za watoto wote waliozaliwa katika juma moja la mwezi wa 3, karibu 17,000. Waganga walikaa na habari hizo miaka mingi, na katika mwaka 1972 wakatoa jibu ambalo kila mama angepaswa kulijua. Wale waliovuta mwanzoni lakini wakaacha kabla ya mwisho wa mwezi wa 4, watoto wao walikuwa katika hali moja na watoto wa wamama wasiovuta.

Na kama mwezi wa 4 umepita? Mtoto huongezeka uzito zaidi katika miezi 3 ya mwisho. Ile sumu ya mbabula, mama akiacha kuvuta, hutoka katika damu yake kwa siku moja au mbili. Ukiacha leo Jumatatu, Jumatano damu inayofika kwa mtoto wako ni damu nyingine. Hakuna siku ya mimba ambayo kuacha ni bure.

Wengine huuliza, "Nikipunguza tu, si inatosha?" Kupunguza ni afadhali kuliko kuongeza. Lakini mwili una akili yake. Aliyezoea sigareti 10 na sasa anajinyima mpaka 4, hizo 4 huzivuta kwa nguvu, moshi hukaa ndani, na hakuna kipande kinachotupwa. Lengo ni kuacha kabisa.

Kwa nini asiachwe peke yake

Nikotini hufundisha ubongo kuidai. Saa inapopita bila kupewa, mtu huhangaika, hukasirika, hakai mahali pamoja. Si kwamba mama huyu hampendi mtoto wake, wala si kwamba hana imani. Tumewaona watu wa imani kubwa wakishindwa, na watu wa imani ndogo wakishinda, na mara nyingi tofauti ilikuwa hii tu: nani alikuwa karibu nao saa ile mbaya. Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, katika mafundisho yake ya mwaka 2013 hasa juu ya tumbako na mimba, lilishauri kwamba kila mama mwenye mimba aulizwe juu ya tumbako mapema, tena kila anapokuja kupimwa, na kwamba anayevuta asipewe onyo tu, bali msaada wa mazungumzo na wa kufuatiwa. Huo si msaada wa huruma tu. Ni dawa, kama kinini ilivyokuwa dawa ya malaria. Umejaribiwa mara nyingi, na wanaousaidiwa huacha wengi zaidi.

Kuhusu vidonge vya kuacha tumbako vinavyouzwa katika nchi nyingine, visitumiwe na mama mwenye mimba bila munganga kuamua. Viwili kati yake OMS imekataa kwa wenye mimba. Usinunue kitu cha namna hiyo sokoni.

Basi msaada hutoka kwa nani? Kwanza kwa yule anayeuliza. Sisi wa hospitali tumekosa mara nyingi hapa, na tuseme wazi. Swali lililoulizwa mbele ya benchi, na jibu likiwa limekwisha kuwekwa ndani yake, si swali. Inafaa mama aitwe kando, mlango ufungwe, na aulizwe hivi: "Mama, kuna wanaovuta kila siku, wengine mara moja moja, wengine waliacha, wengine hawajavuta kamwe. Wewe uko wapi?" Hapo ukweli unapata mahali pa kukaa. Na lile atakalolisema ni mali ya hospitali. Halipelekwi kwa mchungaji, wala kwa mashemasi, wala kwa mama mkwe. Mzalishaji akilitoa nje, amefanya kosa kubwa kuliko la kiko.

Neno moja kwa wazee wa kanisa, tukiwaheshimu. Hatuwaombi mfute sheria ya kanisa. Hiyo si kazi ya hospitali. Tunaomba mwone kwamba mama mwenye mimba anayeficha kiko kwa kuwaogopa ninyi, anamficha pia mzalishaji, na mtoto hulipa. Someni tena Wagalatia sura ya 6, mstari wa 2, mfikiri kama mzigo huu haumo. Kama mama akija kwenu mwenyewe na kusema, "Nataka kuacha, nisaidieni," yeye ameanza safari. Asirudishwe kwa fimbo.

Msaada wa pili hutoka kwa bwana wake. Hapa Manoa anarudi. Bwana anayevuta na kumwambia mke wake aache ni kama mtu anayekunywa mbele ya mwenye kiu. Tena moshi wake yeye humfikia mtoto, hata kama mama hajagusa kiko. Ingefaa waache wote wawili siku moja. Kama anakataa, basi angalau asivute ndani ya nyumba wala mbele yake, sigareti na kiberiti asiviache mezani, wala asimtume mke wake kumnunulia. Na ajue jambo hili mapema: mke wake atakuwa mkali muda wa juma moja au mawili. Bukari ikiungua, bwana anyamaze, ale. Ni kitu kidogo, lakini nyumba nyingi zilishindwa hapo. Mama alivumilia siku 4. Siku ya 5 waligombana juu ya chumvi, na jioni akakirudia kiko.

Wa tatu ni mwenzake mmoja, mwanamke, ambaye mama amemchagua mwenyewe. Si kikundi chote. Wamama wa kanisa ni watu wa msaada mkubwa, lakini siri ya watu 30 si siri. Mmoja atosha. Afadhali awe mtu aliyewahi kuvuta akaacha, maana anajua njia. Kazi yake si kuhubiri. Apite kila siku katika juma la kwanza, hasa saa ile mbaya, akae, amsaidie kumenya maharagi au kutwanga sombe, na aulize tu, "Jana ilikuwaje?"

Namna ya kuanza

Chagua siku, isiwe mbali. Siku 3 au 4 tangu leo inatosha. Isiwe siku ya kilio wala ya karamu. Usiku wa kuamkia siku hiyo tupa vyote chooni, kiko, majani, kikopo cha kunusa. Usimpe mtu akuwekee, maana utakwenda kukidai. Mwambie bwana wako. Mwambie yule mwenzako. Mwambie mzalishaji, ili aandike siku hiyo juu ya fishi na kukuuliza utakaporudi.

Kila mtu ana saa yake mbaya. Kwa wengi ni baada ya chakula, au asubuhi moto unapowashwa, au wakati kinywaji kinapopita. Ijue yako na ubadilishe desturi ya saa hiyo. Uliyezoea kuketi baada ya kula, simama uoshe sahani. Uliyezoea kuvuta jikoni, pika nje kama mvua hainyeshi. Hilo ni jema hata kwa macho yako na kwa mtoto, maana moshi wa kuni nao si rafiki ya mimba.

Hamu ikija, ujue kwamba haikai. Inapanda kama mawimbi ya ziwa, na kwa dakika 5 hivi inashuka, hata usipoipa kitu. Watu wengi hawajui hili kwa sababu hawakungoja kamwe. Chukua wimbo mmoja wenye beti nyingi na uimbe zote polepole, mpaka mwisho. Kunywa maji. Tafuna karanga chache, au kipande cha muwa, au karoti. Mikono iwe na kazi ya kusuka au kuchambua mchele, kwa maana mikono nayo ilizoea kiko.

Siku 3 za kwanza ni mbaya kupita zote. Kichwa kinaweza kuuma, usingizi unapotea, choo kinakuwa kigumu, hasira iko karibu, na chakula unakitamani. Kula, mama! Maharagi, sombe, samaki, ndizi, kama vipo. Hayo yote hupungua, na baada ya majuma 3 au 4 wengi hawayasikii tena. Hayamdhuru mtoto. Mtoto ameanza kupata hewa yake.

Na kama ukianguka? Umekwenda kilioni, kiko kikapita, ukavuta. Wengi huanguka mara moja au zaidi kabla ya kuacha kabisa. Mtu aliyeteleza njiani akienda kisimani harudi nyumbani na kusema hakuna maji tena duniani. Asubuhi mwambie yule mwenzako, anzeni tena, na siku ya kupima mwambie mzalishaji vile ilivyokuwa. Kinachotutia hofu ni mama asiyerudi kupimwa kwa kuwa aliona haya. Huyo amekosa pia dawa ya kuzuia malaria, na kipimo cha damu, na mambo yote.

Mtoto akiisha kuzaliwa

Wako wamama walioshinda miezi 6, halafu baada ya kuzaa wakasema kazi imekwisha, wakarudia. Kazi haijakwisha. Mtoto mchanga anayekaa katika moshi hupata kifua na maumivu ya masikio, na hatari ya kufa ghafula usingizini ni kubwa zaidi kwake. Mama aliyeshindwa kuacha asiache kunyonyesha kwa sababu hiyo; maziwa yake bado yanamfaa mtoto kuliko maziwa ya kopo. Lakini avute nje, mbali, baada ya kunyonyesha na si kabla, na asilale kitandani kimoja na mtoto. Na aje tuanze tena pamoja.

Liko bado jambo la bibi. Mtoto amezaliwa, mama mkwe amekuja kutoka kijijini kumwosha na kumbeba, naye ana kiko chake cha miaka 40. Ameketi karibu na moto, mjukuu magotini, moshi unapita juu ya uso wa mtoto. Nani atamwambia? Mke wa mwanawe hawezi; itakuwa matukano, nasi hatumtaki afanye hivyo. Huyo ni mama yake bwana, basi bwana ndiye aseme, kwa heshima, asubuhi, wakiwa wawili tu: "Mama, kiko chako sikukatazi, lakini ukikishika, utupe kwanza mtoto." Kama na yeye anaona vigumu, amlete bibi siku ile mtoto anapokuja kupimwa uzito. Mzalishaji atamwambia bibi kwamba hiyo ni amri ya hospitali kwa nyumba zote zenye mtoto mchanga, na hakuna mtu nyumbani atakayelaumiwa.